Mchungaji na ndoa yenu: kabla ya pete na baada ya ugomvi

Ukipita ofisi ya usharika wetu Jumanne asubuhi utakuta benchi la nje lina watu, na si wote waliokuja kuombewa. Mmoja anafuata cheti cha ubatizo cha mtoto, mwingine barua ya utambulisho maana anahamia mjini, mzee anataka tupange siku ya kumpelekea mkewe mgonjwa Chakula cha Bwana nyumbani. Hayo huisha mapema. Kinachomaliza wiki ya mchungaji wa Kilutheri hapa Tanzania, walau mimi, ni ndoa: kuzifunga, na kuzisikiliza zinapoyumba.

Kufunga hakuna ugumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla, nasi tunatangaza kanisani Jumapili tatu. Kwa hiyo bwana harusi anayenipigia simu eti ukumbi umeshalipiwa na harusi ni wiki ijayo, hata kamati yake ikichacharika vipi, atasubiri. Matangazo yale si pambo la ibada. Kuna siku mtu hunijia pembeni, akanong'ona: "Mchungaji, huyo ana mke kijijini." Hapo nasimamisha kila kitu, nachunguza. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na sheria hiyohiyo hairuhusu Wakristo walioifunga kuigeuza ya mitala maadamu wote wawili wangali Wakristo.

Kazi yenyewe huja baadaye. Mahakama haipokei shauri la talaka mpaka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa hali chache, kama mwenzi aliyetoroka asijulikane aliko. Jumuiya ya dini nayo inaweza kuwa na baraza lake, likiidhinishwa na waziri. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, na wakili haruhusiwi kuja kumsemea mtu humo. Nashukuru kwa hilo la wakili. Watu hulazimika kutazamana.

Nitoe mfano, nimeuchanganya makusudi ili mtu asijitafute humu. Mume anaingia na simu mkononi: mkewe anatuma pesa kila Ijumaa kwa namba ya mwanamume. "Baba Mchungaji, jisomee mwenyewe." Mke kimya, anakunjakunja ncha ya kanga. Mzee wa kanisa mmoja, mama mtu mzima, anamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, kikoba chenu kinakutana lini?" Ijumaa. Yule mwanamume ni mweka hazina wa hicho kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mke alikopa kumlipia mdogo wake ada, akaogopa kusema, riba ikapanda. Siku hiyo sikufungua Biblia. Tulichukua karatasi tukaandika deni lote, na wenyewe wakapatana nani alipe nini.

Lakini usuluhishi una mpaka. Mama akija amepigwa, simketishi na aliyempiga ili wasameheane mbele yangu. Anakwenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anatibiwa, na mtu wa usharika anamsindikiza. Wapo wenzangu wanaotanguliza "vumilia, binti yangu." Sikubaliani nao, na vikaoni nawaambia.

Baraza likishindwa, linaandika hati ya kusema hivyo pamoja na maoni yake, nayo huambatanishwa na maombi ya talaka mahakamani. Isipitishe miezi 6 tangu itolewe, la sivyo utarudi kwetu kuanza upya. Na hati hiyo si talaka. Wapo wanaoikunja, wakaitia mfukoni, wakaniuliza kama sasa wanaweza kuoa. Hapana. Anayevunja ndoa ni mahakama, na hata ikishavunjwa, kufunga nyingine kanisani ni ombi jipya ambalo haliishii mezani kwangu.