Ua la uani na uvimbe wa taya

Nyanya mmoja alinijia maabarani hapa Kisumu na fundo la leso mkononi. Ndani mlikuwa na majani mabichi na maua ya waridi yenye petali tano, lile ua la vinka ambalo wengi tumelipanda mlangoni bila kujua jina lake. Mjukuu wake alikuwa amevimba taya. "Daktari, nimeambiwa haya yanazuia saratani isikue. Niyachemshe kiasi gani?"

Aliyemwambia hakuwa mwongo. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada waliletewa majani ya mmea huo kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Walipowapa wanyama wa maabara, sukari haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Ikadhihirika kwamba mna kitu ndani ya majani kinachozuia seli zisigawanyike. Mmea huo ukatupa vinblastini na vinkristini, na vinkristini mpaka leo ni mojawapo ya dawa anazodungwa mtoto mwenye saratani ya Burkitt. Nilipoutazama ule uvimbe, hiyo ndiyo niliyoihofia.

Saratani hii inatuhusu sana watu wa ukanda wa ziwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliieleza mwaka 1958, na baadaye ikaonekana kwamba inafuata malaria: penye joto na mvua nyingi ndipo ilipo. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waliona virusi ndani ya seli zake, ambavyo sasa huitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtoto wa huku huvipata akiwa mdogo, na wengi hawaugui. Lakini malaria ya mara kwa mara huzichochea seli za kinga aina ya B zigawanyike ovyo, na katika kugawanyika huko vipande vya kromosomu mbili, yaani vibeba-jeni vya seli, vinaweza kubadilishana mahali. Jeni ya MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ikue, hujikuta mahali ambapo haizimwi tena. Uvimbe unaoanzia hapo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Saratani zinazokua upesi hivyo ni chache mno.

Sasa, tukisema dawa "imezuia uvimbe" maabarani, tunamaanisha nini? Seli za saratani hukuzwa katika chupa za plastiki, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, zikielea kwenye maji ya lishe. Ziko seli za Burkitt zilizotolewa kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963 ambazo zinagawanyika hadi leo katika maabara nyingi duniani. Kila nikiziona kwenye hadubini, mtoto huyo hunijia moyoni. Chupa moja hutiwa dawa, nyingine haitiwi. Baada ya siku 2 au 3 tunachota seli kidogo na kuzitia rangi ya buluu: iliyo hai huikataa, iliyokufa huinywa. Kisha tunahesabu, moja moja.

Matokeo ya hesabu hiyo ndiyo yanayosambazwa kwenye simu kama "dawa ya saratani imepatikana". Tafadhali yapokeeni kwa tahadhari. Hata Jiki ikitiwa katika chupa ile itaua kila seli. Tunachotafuta ni kitu kitakachoua za saratani kwa kipimo ambacho ini, mishipa ya fahamu na uboho wa mtoto vitastahimili. Ndiyo maana baada ya chupa hufuata panya, kisha watu wachache waliojitolea, kisha wengi zaidi. Katika kila dawa 10 zinazofikia kujaribiwa kwa watu, takriban 9 huishia njiani.

Na kupunguza kasi peke yake si ushindi kila mara. Seli inapogawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu zake huku na huku. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke; seli hukwama katikati na kufa. Iliyotulia bila kugawanyika hupitwa. Kwa hiyo haraka ya Burkitt ndiyo inayoiponza. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye saratani hii hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu wengi hufika wamechelewa au huondoka dawa zikiwa nusu. Nami nikipima kitu kinacholaza seli bila kuiua, huuliza kama hakitaificha isifikiwe na dawa nyingine.

Nilimwambia nyanya asichemshe. Kupata gramu moja tu ya dawa huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na dozi ya vinkristini kwa kawaida haizidi miligramu 2. Katika sufuria hakuna anayejua amekunywa nini wala kiasi gani, na mmea huo una sumu nyingine pia. Tena kila siku ya kuchemsha ni siku ambayo uvimbe unaongezeka.

Walikuwa wameshazunguka kwa madaktari wa meno, maana magego ya mtoto yalikuwa yamelegea. Huanza hivyo mara nyingi. Wakati mwingine huanza kwa tumbo kujaa. Siku hiyohiyo wakaenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia, na kipande kidogo cha uvimbe kikakatwa kwa uchunguzi. Ilikuwa Burkitt kweli. Mtoto alilazwa akatundikiwa maji kwanza, kwa kuwa seli hizi zikifa kwa wingi kwa mpigo takataka zake huzielemea figo.

Siku ya 5 baada ya sindano ya kwanza shavu lilikuwa limeshuka. Nyanya akauliza kama sasa wanaweza kurudi nyumbani. Nikamweleza kwamba zimebaki seli ambazo jicho haliwezi kuziona, na kwamba ratiba ina duru nyingine kadhaa mbele. Akafunga leso yake kiunoni, akaketi tena kando ya kitanda.