"Kanuni yetu ni moja kwa wote": utetezi uliochosha

Nimeusikia tena. Afisa utumishi kaweka jalada mezani, kakohoa kidogo, kamwambia msuluhishi: "Mheshimiwa, sisi hatubagui mtu. Kanuni zetu ni moja kwa wote, kuanzia meneja hadi mlinzi." Akaegemea kiti. Kwake shauri lilikuwa limekwisha. Nimesimamia migogoro ya kazi hapa Dar es Salaam muda mrefu, na maneno hayo naweza kuyamalizia kabla msemaji hajameza mate. Kinachoniudhi ni kwamba wengi wao hawadanganyi. Wanaamini kabisa wanachosema.

Nipite haraka kwenye kile ambacho kila mtu anakijua. Ubaguzi wa moja kwa moja ni lile tangazo la kazi linalotaka "binti mwenye mvuto, umri usiozidi miaka 25, asiwe na mtoto". Hapo jinsia, umri na majukumu ya familia vimekanyagwa ndani ya mstari mmoja, na huhitaji wakili kuliona hilo. Ni yule dada anayepewa barua ya kuachishwa wiki moja baada ya kusema ana ujauzito. Ni zile mila za Wahaya ambazo Jaji Mwalusanya alikutana nazo Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory: mwanamume aliruhusiwa kuuza ardhi ya ukoo, mwanamke akakatazwa kwa sababu tu ni mwanamke. Jaji alikataa, akarejea Katiba. Kanuni ya namna hiyo inajitangaza yenyewe. Unyanyasaji nao sheria yetu inauhesabu kuwa ubaguzi: kejeli za kabila kila asubuhi, mizaha juu ya mguu wa mtu, bosi mwenye mikono isiyotulia. Ukiambiwa "alikuwa anatania tu", andika maneno yaliyotamkwa na tarehe, kisha usibishane.

Sasa tuje kwenye ile aina ya pili.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamkataza mwajiri kubagua moja kwa moja, halafu kinaongeza: au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Nyongeza hiyo haikuwekwa kujaza ukurasa. Ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea North Carolina, Marekani, kwenye kituo cha kufua umeme kwa makaa kilichoitwa Dan River, mali ya Duke Power.

Kituo kilikuwa na idara tano. Weusi, 14 kati ya wafanyakazi 95, waliajiriwa idara moja tu, ya vibarua, na kibarua aliyelipwa vizuri kuliko wote bado alipata chini ya mtu wa mwisho kabisa katika idara nyingine nne. Huo ni ubaguzi wa wazi. Kisha ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na sehemu yake ya ajira ikaanza kutumika tarehe 2 Julai 1965. Siku hiyo hiyo, wala si kesho yake, kampuni ikaongeza sharti: anayetaka kuingia idara zile nzuri awe na cheti cha kumaliza sekondari, na afaulu mitihani miwili ya akili na ufundi. Sharti halikutaja rangi. Lilikuwa moja kwa wote, kama kanuni za yule afisa wangu.

Lakini kwa sensa ya 1960, wanaume weupe waliomaliza sekondari katika jimbo lile walikuwa asilimia 34, na weusi asilimia 12, kwa sababu shule zenyewe zilikuwa za kibaguzi miaka nenda rudi. Na wazungu walioingia idara zile zamani bila cheti chochote walikuwa wakiendelea kupiga kazi na kupandishwa vyeo bila shida. Yaani cheti hakikuwa na uhusiano na kusukuma makaa wala kufunga valvu. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wanane kwa sauti moja, ikasema kanuni iliyo sawa kwa sura lakini inayowachuja watu wa kundi fulani bila kuhitajika na kazi yenyewe ni haramu. Nia njema ya mwajiri haiiponyeshi. Shauri linaitwa Griggs dhidi ya Duke Power. Kila afisa utumishi anayetaka kuniambia "moja kwa wote" namwomba alisome kwanza.

Kwetu huku sura yake huwa ya kawaida kiasi kwamba watu wanaicheka. Kijana mmoja mwenye ualbino aliajiriwa na kampuni ya kutangaza bidhaa barabarani. Sare: fulana ya mikono mifupi yenye nembo, na marufuku kofia, wateja waone nyuso. Saa nne hadi saa kumi, juani, Februari. Yeye akawa anavaa shati la mikono mirefu ndani ya fulana na kofia pana. Barua ya onyo. Barua ya pili. Kisha kamati ya nidhamu, kosa: kukaidi maagizo halali ya mwajiri. Nilipouliza mbona mtu ambaye ngozi yake haina kinga ya jua anaadhibiwa kwa kujikinga na saratani, nikajibiwa kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto: "Wakili, hatukumchagua yeye. Wote wamekatazwa kofia."

Ni kweli, wote wamekatazwa. Ila wenzake jua linawatoa jasho, yeye linamchubua hadi malengelenge. Katazo moja limetoa matokeo mawili, na kinachoyatenganisha ni hali ya mwili ambayo sheria inailinda. Swali langu la pili kwa shahidi wao lilikuwa fupi: kofia inazuiaje mtu kuuza sabuni? Akafikiri. Akasema, "Ndivyo tulivyoikuta." Basi. Kofia pana yenye nembo na fulana ya mikono mirefu zingemaliza kesi hiyo kabla haijazaliwa, na nembo ingeonekana vizuri zaidi.

Kinachokera zaidi ni kwamba kampuni ile ile inajisifu kwa kumwajiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Wanamwajiri mtu wajaze hesabu, kisha wanamshughulikia kwa kanuni za sare.

Kwa hiyo ukitaka kuutambua ubaguzi wa aina hii, usianze kwa kusoma kanuni inasema nini. Simama pale kanuni inapofanya kazi, tazama nani anabaki nje. Tangazo la mhasibu linalodai leseni ya udereva: nani hatapata leseni? Asiyeona, na wengine wenye ulemavu wa viungo, ingawa vitabu vya hesabu haviendeshwi barabarani. Usaili ghorofa ya nne, lifti mbovu. Kupandishwa cheo kunakotegemea vikao vya saa kumi na mbili jioni: nani ana mtoto anayenyonya nyumbani? Ukishamwona anayebaki nje, ndipo uulize kama kazi ingefanyika bila sharti hilo. Sheria inamruhusu mwajiri kudai kile ambacho kazi yenyewe inakidai. Dereva lazima aone, hapo hatuna ugomvi.

Lakini hapa nikiri kitu ambacho semina za siku mbili hazikigusi. Mstari kati ya kinachodaiwa na kazi na kile mwajiri alichozoea hauko wazi kila mara. Chukua muuguzi Msabato na zamu ya Jumamosi. Ratiba ni moja kwa wote, anayeumizwa ni yeye kwa sababu ya dini yake, mpaka hapo ni mfano wa darasani. Ila wagonjwa wapo Jumamosi, na kama wauguzi wa wodi ni watatu, kumpumzisha yeye kila wiki ni kuwatwisha wenzake wawili, mmoja wao ana ibada Jumapili, mwingine Ijumaa mchana. Hospitali kubwa nitaibana ibadilishe ratiba. Kwenye kituo cha afya cha wilayani, sijui kwa hakika ningeamuaje, na simwamini sana anayesema anajua.

Upande wa pili wa maudhi unatoka kwa watu wangu mwenyewe, wafanyakazi. Si kila uonevu ni ubaguzi! Bosi anayemfokea kila mtu, wa kike na wa kiume, wa Moshi na wa Mtwara, ni bosi mbaya, na kuna njia za kumshughulikia, ila si hii. Sheria yetu ina orodha ya sababu: rangi, uraia, kabila au mahali ulipotoka, dini au maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri, hali ya maisha, na nyingine za jamii hiyo. Lazima uonyeshe sababu ipi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, imekwenda mbali zaidi, imetaja hata mavazi na lugha. Sisi ukibaguliwa kwa lafudhi yako, inabidi tupitie mlango wa kabila au mahali ulipotoka, na mlango huo wakati mwingine ni mwembamba.

Na undugunaizesheni je? Naulizwa hili kila mara. Bosi kawajaza shemeji na binamu. Kwa kawaida huo ni upendeleo, na upendeleo peke yake haumo kwenye orodha. Lakini ukoo wa mtu una kabila, una dini, una kijiji. Kama ajira zote zinatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la wana-kijiji, matokeo yake ni ofisi ya kabila moja, na hakuna mtu aliyetamka neno kabila. Mimi naona hapo kuna hoja ya ubaguzi usio wa moja kwa moja. Wenzangu kadhaa ninaowaheshimu wananiambia naivuta sheria kama mpira. Huenda wana haki. Bado nitaijenga hoja hiyo nikipata shauri zuri.

Ufanye nini basi? Kwanza, omba sababu kwa maandishi. Barua fupi yenye adabu: "Naomba kufahamishwa vigezo vilivyotumika katika uteuzi wa tarehe fulani." Mwajiri akijibu, kajifunga kwa maneno yake, asipojibu, ukimya nao una kazi yake. Pili, tafuta wa kujilinganisha naye: nani mwenye kazi kama yako alitendewa vingine? Wengi wanakuja na machungu ya kutosha na hawana jina hata moja la kulinganisha. Tatu, pitia utaratibu wa malalamiko wa ndani, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, waambie mapema, si siku ya kikao cha nidhamu. Kuna waajiri wanaolipiza mtu akilalamika, kwa hiyo nakala za barua zikae nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi.

Mzigo wa ushahidi watu wanaukosea pande zote mbili. Mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa bosi. Akishaonyesha dalili za awali kwamba ubaguzi umetokea, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba haukutokana na sababu zile, au kwamba ana utetezi unaokubalika kisheria. Tatizo ni "dalili za awali" zinatosha lini. Griggs alikuwa na takwimu za jimbo zima. Mteja wangu ana ofisi ya watu sita, mmoja wao mjamzito. Asilimia za watu sita ni utani, kwa hiyo tunabaki na mfuatano wa tarehe, barua, na kauli zilizosikika. Mara nyingine zinatosha. Mara nyingine mwamuzi anazitazama barua zile zile na kuona bahati mbaya tu.

Usuluhishi wenyewe uko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usiudharau: pale ndipo kanuni ya sare inapoweza kubadilishwa kwa makubaliano ndani ya saa moja, jambo ambalo tuzo ya fedha haifanyi. Ila tarehe hazina huruma. Ukiachishwa kazi una siku 30. Kwa migogoro mingine siku 60 tangu ulipozuka. Ukichelewa utaanza kuomba kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza sababu za kuchelewa, na "nilikuwa namsubiri bosi apoe" si sababu.

Na tafadhali, kwenye Fomu Na. 1, ile ya kufungulia mgogoro CMA, Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu. Kama bado uko kazini na unalalamikia kanuni, iache wazi.