Sabufa ya kuoanisha na spika za ubao wazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Spika ya ubao wazi haina boksi. Ni spika iliyofungwa kwenye ubao, nyuma yake hewa tupu. Seremala wa Kibuye, Kisumu, akikukatia plaiwudi ya milimita 18 na kutoboa duara la inchi 15, nusu ya kazi imekwisha, na ndiyo sababu wengi wanaopenda kujitengenezea muziki huanzia hapo. Gita la benga na sauti za waimbaji hutoka pana, bila ule mvumo wa boksi. Kisha unaanza kuitafuta besi na huioni. Unapouliza ununue sabufa gani, ushauri mwingi unaopewa ulitengenezewa magari au sinema za nyumbani, na kwenye ubao wazi unapotosha.

“Spika ikiwa ya inchi 15, sabufa ya nini?”

Koni ikisukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma kwa kiasi kilekile. Sauti ya nyuma huzunguka ukingo wa ubao na kukutana na ya mbele ikiwa imepinduka, na hapo zinafutana. Masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, hayaathiriki sana kwa sababu wimbi lake ni fupi. Wimbi la Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kwa wimbi hilo, ubao wa nusu mita ni kama haupo.

Ubao ukiwa na upana wa sentimita 50 na spika ikiwa katikati, sauti ya nyuma husafiri takriban nusu mita kufika mbele. Besi huanza kupungua kwenye Hz 115 hivi, kisha hushuka desibeli 6 kila masafa yanapopungua nusu. Chini ya masafa ya asili ya spika yenyewe, yale yanayoandikwa Fs, mteremko unakuwa desibeli 18. Ukubwa wa koni haubadilishi hesabu hii. Kinachoibadilisha ni upana wa ubao. Kwa ubao wa sentimita 40 kupungua huanzia karibu Hz 143.

Spika yenye Qts (kipimo cha jinsi koni inavyozuiwa kutetemeka; ikiwa kubwa, kizuizi ni kidogo) ya 0.7 au zaidi husaidia kidogo, maana haipungui mapema karibu na Fs. Lakini kusaidia si kujaza.

“Sabufa ndogo ina kasi, kubwa inachelewa”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi. Mtu ana mbao nzuri (spika za ubao wazi) zenye sauti nyepesi, anaambiwa zioane na sabufa ya inchi 8 kwa kuwa “koni ndogo ni ya haraka”. Baada ya miezi anaiuza.

Mzunguko mmoja wa Hz 60 huchukua milisekunde 16.7, uwe umetoka kwenye inchi 8 au inchi 18. Krosova, kichujio kinachogawa sauti kati ya sabufa na mbao, ikishakata sauti kwenye Hz 80, hakuna koni inayoombwa kwenda kasi zaidi ya hapo. Inachoombwa ni kusogeza hewa, na hapo ndogo inaumia: eneo la koni ya inchi 15 ni kama sentimita za mraba 850, la inchi 8 ni 215 hivi. Kwa sauti ileile, ndogo lazima itembee mara nne zaidi. Ikifika mwisho wa mwendo wake inaanza kuchafua sauti: unaipa Hz 40, inakuongezea 80 na 120 ambazo hazikuwa kwenye wimbo. Sikio husikia 120 kwa urahisi kuliko 40, ndiyo maana msikilizaji huapa kwamba ile ndogo “inapiga haraka”. Anachosikia ni uchafu.

Besi inayoburuta ipo kweli, ila chanzo chake mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: chumba kinachovuma, tundu la boksi linaloendelea kulia baada ya noti kwisha, au sabufa na mbao kutofautiana fezi (moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta) pale zinapokutana. Kwa hiyo chukua inchi 12 au 15 bila hofu.

“Ubao wazi unataka sabufa iliyo wazi pia”

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Sabufa ya wazi, iliyojengwa kwa umbo la H, hutoa sauti mbele na nyuma na kidogo sana pembeni, kama mbao zenyewe, kwa hiyo haiamshi mivumo yote ya chumba. Ila tazama bei yake kwa hewa.

Chukua spika ya inchi 12 yenye eneo la sentimita za mraba 500 na mwendo wa milimita 8 kila upande. Kwenye boksi lililozibwa, sakafuni, inaweza kutoa karibu desibeli 100 kwenye Hz 30, ukipima mita moja. Spika hiyohiyo ikiwa wazi, njia ya nyuma hadi mbele ikiwa sentimita 30, inabaki na 84. Kurudisha desibeli 16 hizo kunahitaji spika sita za aina hiyo badala ya moja. (Hesabu hizi ni za hewa ya usawa wa bahari. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, hewa ni nyepesi na spika yoyote hupoteza kama desibeli moja na nusu kwa mwendo uleule wa koni.)

Siegfried Linkwitz, aliyefanya kazi ya spika za wazi kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2018, alizitengenezea spika zake za Orion sabufa aliyoiita Thor. Thor ni boksi lililozibwa. Kwa sebule nyingi za Kisumu au Nakuru hiyo ndiyo njia: wazi kuanzia Hz 80 kwenda juu, lililozibwa chini yake. Umbo la H linamfaa mwenye nafasi, fedha za spika nne au zaidi, na chumba chenye mvumo usiotulia kwa njia nyingine.

“Boksi la tundu lina besi nyingi, chukua hilo”

Lina sauti kubwa karibu na masafa ya tundu, kisha linaporomoka kwa desibeli 24 kila masafa yanapopungua nusu, wakati lililozibwa hushuka kwa 12 tu na chumba hulisaidia huko chini. Maboksi ya tundu ya bei nafuu, yale ya inchi 6 na nusu au 8 yanayouzwa pamoja na spika ndogo tatu na rimoti, huwa na kinundu, yaani sauti inayozidi nyingine, kati ya Hz 70 na 100. Ni palepale mbao zako zinapoishia, kwa hiyo noti moja ya gita la besi itanguruma na inayofuata itapotea.

Boksi la tundu lililopigiwa hesabu vizuri na kushushwa hadi Hz 25 ni habari nyingine, ila ni kubwa. Lililozibwa ni rahisi kujenga na ni vigumu kuliharibu. Hesabu yake iko hivi: gawa Qtc unayoitaka (ni Qts ya spika ikishakuwa ndani ya boksi) kwa Qts ya spika, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa spika) kwa hicho kilichobaki. Spika yenye Fs 24, Qts 0.40 na Vas lita 90, ukitaka Qtc 0.7, inahitaji lita 44 hivi, na besi yake itaanza kushuka kwenye Hz 42. Ukitaka 0.6, ambayo kwa sikio letu inaoana vizuri zaidi na ubao, ni lita 72 na Hz 36.

Boksi la mraba lenye sentimita 40 kila upande kwa nje, la ubao wa milimita 18, hubaki na lita 45 baada ya kuondoa nafasi ya spika yenyewe. La 45 hutoa karibu 70. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatosha maboksi mawili ya 40, na mabaki yakawa viunga vya ndani. Kwa Kisumu na unyevu wake, plaiwudi ni salama kuliko MDF, ambayo kingo zake hunywa maji na kuvimba. Ukilazimika na MDF, paka kingo mara mbili gundi ya mbao iliyozimuliwa kabla ya rangi.

Kuvuja ndiko kunakoharibu maboksi mengi ya mafundi. Cheza Hz 30 kwa sauti ya wastani, washa dawa ya mbu ya kuchoma, upitishe moshi wake taratibu kwenye maungio, ukingo wa spika na pembeni mwa amplifaya. Moshi ukicheza, umeipata nafasi. Ziba kwa silikoni.

“Wati 10,000!”

Hizo ni PMPO, namba ya kwenye kartoni. Tafuta RMS, nguvu ambayo amplifaya hutoa mfululizo. Kwa sabufa moja ya inchi 12 iliyozibwa, wati 200 hadi 300 za RMS zinatosha sebule ya kawaida.

“Sabufa ya gari haifai nyumbani”

Spika inafaa, boksi lake ndilo lisilofaa. Ndani ya gari, nafasi ndogo yenyewe huinua besi ya chini, kwa hiyo boksi la gari hujengwa dogo likitegemea msaada huo. Sebuleni msaada haupo, na kinachobaki ni kinundu. Nunua spika tupu, angalia Fs iwe chini ya 30 na Qts kati ya 0.35 na 0.55, uijengee boksi jipya.

Angalia koili pia. Zenye koili mbili za omu 4, ukiziunga moja baada ya nyingine ni omu 8, ukiziunga sambamba ni 2, na amplifaya nyingi za kubandika nyuma ya boksi huishia omu 4. Koili mbili za omu 2 zikiungwa moja baada ya nyingine ndizo zinazoipa amplifaya hiyo omu 4 zake.

Kwa spika za mitumba kutoka Uingereza, bonyeza kidole kwenye ule mviringo wa sponji unaoizunguka koni. Sponji ya zamani huoza hata ikiwa imehifadhiwa bila kutumika. Ikimeguka au kunata kidoleni, punguza bei ya kuubadilisha au uiache. Mviringo wa mpira au wa kitambaa hauna shida hiyo.

“Kata Hz 80, umemaliza”

Hz 80 ni pazuri pa kuanzia, kwa kuwa chini ya hapo sikio halijui kwa urahisi sauti inatoka upande gani. Lakini krosova ina pande mbili na watu hushughulika na upande wa sabufa tu. Mbao nazo lazima zizuiwe zisijaribu besi. Kwenye ubao wazi, kila masafa yanaposhuka nusu, koni inahitaji mwendo mara nane kutoa sauti ileile. Kwenye boksi lililozibwa ni mara nne. Mbao zikiachwa huru, koni inapiga mbizi bure na sauti ya mwimbaji inatetemeka juu yake.

Njia ya bei rahisi ni kapasita moja ya filamu kwa kila chaneli, ndani ya waya wa kuingilia amplifaya ya mbao. Kama kizuizi cha kuingilia cha amplifaya (input impedance) ni kilo-omu 22, weka mikrofaradi 0.1, kama ni 47, weka 0.047. Zote mbili hukata karibu Hz 72, taratibu, desibeli 6. Usiiweke kwenye waya wa spika: kwa omu 8 utahitaji mikrofaradi 250, na karibu na Fs omu za spika hupanda sana, kwa hiyo hesabu haitatoka. Mwenye kichakataji cha dijitali aweke desibeli 24 pande zote mbili na aisahau kapasita.

Amplifaya nyingi za sabufa hukata kwa desibeli 12 tu. Hapo sauti ya mwanamume huvujia kwenye boksi. Shusha kitufe hadi 60.

“Iweke konani”

Kona huipa sabufa nguvu na huamsha kila mvumo wa chumba. Chumba cha mita 4.2 kwa 3.6 chenye dari ya mita 2.7 huvuma kwenye Hz 41, 48 na 64. Noti nzito zaidi ya gita la besi la nyuzi nne ni Hz 41, kwa hiyo kwa benga na rumba ni hapo hasa utakapoisikia ikikaa hewani. Nyumba ya mawe huko Milimani, Nakuru, huishika besi. Ya bati huiachia nje na mabati kuanza kutetemeka, na madirisha ya vioo vya kufunguka ya Kisumu yakiwa wazi usiku hubadilisha kila kitu. Panga sauti madirisha yakiwa kama unavyoishi nayo.

Anzia sabufa karibu na ubao mmoja, kati ya mbao mbili au pembeni kidogo, mbao zikiwa mita moja au zaidi mbele ya ukuta. Kisha:

Cheza Hz 80 kwenye mbao na sabufa pamoja, ukae kwenye kiti chako. Badilisha chanya na hasi za sabufa. Zungusha kitufe cha fezi mpaka sauti iwe ndogo kabisa. Sasa zinafutana, maana yake ziko kwenye mstari. Rudisha nyaya kama zilivyokuwa. Sabufa ikiwa mita moja nyuma zaidi ya mbao, sauti yake imechelewa milisekunde 2.9, karibu robo ya mzunguko kwenye Hz 80. Kosa hilo linatosha kabisa kumfanya mtu aseme besi yake “ni nzito”. Programu ya bure ya REW na maikrofoni ya kupimia hukuonyesha yote haya kwenye mchoro; maikrofoni za simu nyingi haziaminiki huko chini.

Bajeti ikiruhusu, sabufa mbili za inchi 12 ni bora kuliko moja ya inchi 18. Ziweke katikati ya kuta zinazotazamana, na mvumo wa kwanza wa upande huo utajifuta wenyewe. Mtafiti wa sauti Todd Welti alilichunguza jambo hili kwa mipangilio tofauti mwaka 2002, na mbili hadi nne ndizo zilizoleta faida kubwa.

“Inanguruma hata bila wimbo, imeharibika”

Mlio wa Hz 50 au 100 usiobadilika kwa kawaida ni mzunguko wa waya wa ardhi: sabufa na amplifaya zimechukua stima kwenye soketi mbili tofauti. Zichomeke kwenye ubao mmoja wa soketi. Ikiendelea, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa ishara. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi. Mlio utaisha, na siku stima ikivujia kwenye bati la amplifaya, atakayeishika ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.