Nokia 808 PureView: megapikseli 41 zilikuwa za kazi gani?

Nokia ilipoitambulisha 808 PureView mjini Barcelona, Februari 2012, watu wengi waliishia kwenye namba 41. Namba ni ya kweli, lakini huwezi kupata picha ya megapikseli 41 kutoka kwenye simu hii. Duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya Carl Zeiss halifiki pembe zote za kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha), kwa hiyo kwa uwiano wa 4:3 unapata pikseli 7152 kwa 5368, yaani megapikseli 38, na kwa 16:9 ni karibu 34.

Hata hizo 38 si za kutumia kila siku. Kazi yenyewe iko kwenye megapikseli 5, ambako pikseli kama saba za kihisi huunganishwa kuwa moja. Chenga, yaani vidoadoa vinavyochafua picha, za kila pikseli huja kivyake, hivyo ukichukua wastani wa saba zinapunguzana makali: chenga hushuka kwa kipeuo cha pili cha 7, kama mara 2.6.

Zumu inakula kwenye akiba hiyohiyo. Lenzi haisogei, simu inakata eneo la katikati ya kihisi na kukoma pale pikseli moja ya kihisi inapokuwa pikseli moja ya picha. Gawanya 7152 kwa 2592, upana wa picha ya megapikseli 5, uone: karibu mara 2.8, bila pikseli hata moja ya kubuni. Tundu la lenzi linabaki f/2.4 muda wote, jambo ambalo zumu nyingi za lenzi haziwezi. Ila ukifika mwisho, zile saba hazipo tena, kila pikseli ya mikroni 1.4 inajitegemea, na gizani chenga zinarudi. Usiku sogea kwa miguu, usikuze.

Kwa vitu vidogo fanya kinyume. Fokasi haishiki chini ya sentimita 15, na ukisogea sana kivuli cha simu kinaziba mwanga. Rudi nyuma hadi sentimita 30, kuza mpaka mwisho, bonyeza kitufe nusu, subiri fokasi ishike, kisha malizia. Kioo cha inchi 4 kina pikseli 640 kwa 360 tu, hakiwezi kukuonyesha kama fokasi imekosea kidogo. Fungua picha uikuze kabla hujaondoka mahali hapo.

Flashi ya zenoni nayo naipenda sana: mwako wake ni mfupi mno, unamgandisha mtoto anayekimbia, wakati taa ya LED ingeacha ukungu wa mwendo. LED ya simu hii ni ya video.

RAW, yaani faili ghafi ambalo simu haijalichakata, hakuna; ni JPEG pekee, picha iliyokwisha kuchakatwa. Kwa hiyo kwenye hali ya ubunifu shusha ukali na ukolezaji wa rangi kabla ya kupiga, kwa sababu ukali uliozidi ukishaingia kwenye JPEG hautoki.