Mafuta ya bluu hayana mrututu

Nimechoka kuletewa kichupa cha mafuta ya bluu ya ua la kamomili na mtu ambaye hukumu keshaitoa: "Haya wamechakachua, wametia mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba." Juzi alikuwa mwenye saluni wa Sinza. Kabla yake mwanafunzi wa kidato cha sita, naye kashikilia daftari: hidrokaboni, yaani kiwanja cha kaboni na hidrojeni tupu, haina rangi, basi bluu hii imetiwa.

Jamani, mrututu hauyeyuki kwenye mafuta. Ungetuama chini ya chupa.

Bluu ile ni kamazulini, hidrokaboni ya ukoo wa azulini. Kwenye ua haimo. Hutokea wakati wa kukeneka kwa mvuke, matrisini, kiambato cha ua kisicho na rangi, inapovunjika. Ndiyo maana chai ya kamomili haiwi bluu. Azulini ni kaboni 10 na hidrojeni 8, sawasawa na nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini. Nafthalini ni pembesita mbili zilizoshikana. Azulini ni pembetano na pembesaba.

Vitabu vinasema pembesaba huipa pembetano elektroni, huku chanya kule hasi, basi rangi hiyo. Haraka ya nini? Dipoli ya azulini, yaani kipimo cha chanya na hasi kutengana, ni kama 1 kwa kizio cha Debye. Elektroni nzima ingehama, tungepima zaidi ya 10. Mchoro ule wa vitabuni mimi nauamini nusu. Jambo lenyewe ni hili: elektroni ya juu kabisa na nafasi tupu inayofuata hukaa, kwa sehemu kubwa, kwenye kaboni tofauti. Elektroni ikipanda, inaepukana na mwenzake aliyebaki, msukumano unapungua, na hatua ya kupanda inakuwa fupi. Hata mwanga mwekundu, wenye nishati ndogo, unatosha. Wekundu ukimezwa, jicho linapata bluu. Kwenye nafthalini viwili hivyo vinagombea kaboni zilezile, kwa hiyo inadai urujuanimno. Halafu bandika aldehaidi (kikundi cha kaboni, oksijeni na hidrojeni) kwenye kaboni namba 1 ya azulini: unapata kitu chekundu. Nacho kina mrututu?

Mwenye shaka ayeyushe matone kwenye heksani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, atikise na asidi ya fosforiki nzito. Bluu inatoweka juu, kwani azulini imepokea protoni na kushukia kwenye asidi. Zimua kwa maji, ongeza heksani mpya, bluu inarudi.

Ila kipimo hiki hakisemi azulini imetoka wapi. Gwayazulini ya kiwandani, ndugu ya kamazulini, ikichanganywa humo, itapita vilevile. Hapo bila kromatografia ya gesi, inayotenganisha viambato kimoja kimoja, sitii saini. Na mafuta yakigeuka kijani, kisha kahawia, msimtafute mchakachuaji: ni hewa, na jua la dirisha la duka.