Betri ya moyo: mbona daktari ataka eko kwanza?

Swali: Mamangu, mkaazi wa Majengo, akipanda ngazi pumzi humwishia na miguu imevimba. Ameambiwa huenda akawekwa pesimeka, yaani betri ya kuchochea mapigo ya moyo, lakini atangulize eko, picha ya moyo. ECG keshapimwa. Gharama hii ya pili ni ya nini?

Jibu: Ina maana kubwa, ndugu yangu. ECG yaonyesha umeme wa moyo. Nguvu za kusukuma damu haizipimi vile. Eko ni kama ile picha wanayopigwa wajawazito, haina mionzi. Huonyesha ni asilimia ngapi ya damu iliyo katika chumba cha kushoto inayosukumwa nje kila pigo. Moyo wenye afya hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Ikiwa ni 35 au chini, na ECG yaonyesha umeme wachelewa sana kufika kushoto, pesimeka ya kawaida haimfai.

Swali: Kwani pesimeka si moja?

Jibu: Ya kawaida ina waya mmoja au miwili, na yote hukaa kulia. Ile ya kuoanisha mapigo huongezwa waya wa kushoto. Watazame wavuvi wakivuta juya: upande mmoja ukichelewa, samaki watoka. Moyo dhaifu ukichochewa kutoka kulia tu, mchana na usiku, waweza kuzidi kuchoka. Kwa hivyo hata mwenye asilimia 45, akiwa ataitegemea betri karibu kila pigo, yafaa afikiriwe kifaa kingine. Nasisitiza hili kwa sababu kubadilisha baadaye ni kupasuliwa tena.

Swali: Basi eko yatosha kuamua?

Jibu: Haitoshi. Utafiti mmoja uliochapishwa 2013 uliwawekea kifaa cha kuoanisha watu ambao eko ilionyesha kuta za moyo haziendi pamoja, ilhali kwenye ECG umeme haukuchelewa. Hawakunufaika, na waliofariki walikuwa wengi zaidi. Vipimo vyote viwili husomwa pamoja.

Swali: Na MRI?

Jibu: Hiyo ni picha ya kina inayopigwa kwa sumaku, na si ya kila mtu. Huonyesha kovu kwenye moyo, hasa kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, maana waya ukitua juu ya kovu umeme haupenyi vizuri. Ikihitajika, ni bora ifanywe kabla, kwani kifaa huharibu picha.

Jambo jingine: kabla ya kifaa cha kuoanisha, kwa kawaida mgonjwa hutumia dawa kamili za moyo dhaifu miezi 3 hivi, kisha eko hurudiwa. Wengine asilimia hupanda, na kifaa hakihitajiki. Muulize daktari asilimia ya mama ni ngapi, na ripoti muiweke.