Vigezo havirekebishwi, uzani ndio unaorekebishwa

Wiki hii nimesikia tena: kijana kabadilisha namba mbili katika programu yake ya sataranji, kisha anatangaza kwamba "ameifundisha kuwapenda maaskofu". Hajaifundisha kitu.

Programu ya namna hiyo huipa kila hali ya ubao alama, yaani tathmini, kwa kuhesabu kete zilizopo: askari 100, farasi mia tatu na ushee, na nyongeza ndogondogo kwa mfalme aliyejificha vizuri au maaskofu wawili waliobaki pamoja. Kutafuta namba hizo ziwe ngapi ndiko watu wanakokuita kurekebisha vigezo. Maana yake ni hiyo tu.

Linalonikera ni hilo neno "vigezo". Kigezo kinatokana na kugeza, yaani kupima kwa kulinganisha. Fundi akikata mbao kumi kwa kufuata ubao mmoja, ule mmoja ndio kigezo, na hauguswi msumeno. Katika programu, kigezo ni swali: je, maaskofu wote wawili wapo? Swali aliliweka mwandishi, na baada ya marekebisho liko palepale. Kinachobadilika ni uzani wa jibu. Larry Kaufman, aliyeshughulikia tathmini ya Rybka 3, programu iliyokuwa ikiuzwa, aliwahi kukadiria kuwa jozi ya maaskofu ina thamani ya nusu askari. Andika 50, andika 35, swali ni lilelile. Na kama mwandishi hakuuliza lolote kuhusu ngome iliyobanwa pembeni, rekebisha mwaka mzima, tathmini haitaijua. (Stockfish, programu nyingine ya sataranji, ilipopokea mwaka 2020 mtandao wa neva, yaani mfumo unaojifunza wenyewe kutoka mifano, mambo yaligeuka: maswali yenyewe huzaliwa katika mazoezi. Huko sema "kufundisha", sina ugomvi.)

Wala uzani hauamuliwi kwa jicho. Peter Österlund, mwandishi wa programu ya sataranji iitwayo Texel, alieleza njia ambayo waandishi wengi wa ridhaa waliifuata: kusanya hali nyingi kutoka michezo iliyokwisha, geuza alama ya programu iwe uwezekano wa kushinda, linganisha na matokeo halisi, kisha sogeza namba mpaka tofauti ipungue. Hapo kigezo cha kweli, ule ubao wa fundi, ni matokeo ya michezo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sema umepanga upya uzani. Ila kwanza ishindanishe na toleo la jana, michezo elfu kadhaa. Ile kumi uliyonionyesha haitoshi.